Saza, Gombolola na Muluka: Msamiati wa Serikali ya Awali Mashariki mwa Uganda

Msamiati huu ni kundi la maneno ya utawala yaliyoingia Busoga, Bugisu na maeneo jirani tangu miaka ya 1890, yakaenea kutoka Jinja na Mbale hadi vijijini, na mengi yake yangali yanasikika. Baadhi ni ya Kiganda, mengine ya Kiswahili, machache yalitoka moja kwa moja London. Kila neno lilikuja na ofisi, daftari na mtu wa kuogopwa. Neno la kodi lilitangulia. Neno la uwakilishi lilichelewa kwa zaidi ya miaka 40, na kuchelewa huko ndiko kunakoeleza sehemu kubwa ya siasa za mashariki mwa Uganda hadi uhuru.

Anayesoma historia ya Marekani hukutana mapema na hati ya kifalme, koloni, gavana, baraza la wawakilishi, shirikisho na katiba. Mlolongo wa Uganda unafanana na huo kuliko wengi wanavyodhani, ila umepangwa vingine. Virginia ilianza kwa kampuni iliyopewa hati na mfalme wa Uingereza mwaka 1606. Uganda nayo ilianza kwa kampuni: Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, chini ya William Mackinnon, ilipata hati yake mwaka 1888. Mwakilishi wake, Kapteni Frederick Lugard, alipita Busoga na kuvuka Nile Desemba 1890 bila kungoja ruhusa ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Kilichokuwa kikitafutwa na kampuni hizo mbili ni biashara. Ya Mackinnon iliishiwa fedha haraka, na mwaka 1893 Sir Gerald Portal akafika Kampala kuishusha bendera yake na kupandisha ya Uingereza.

Himaya ndilo neno lililofuata. Lilitangazwa kwa Buganda Juni 1894, kisha mwaka 1896 likapanuliwa kufika Bunyoro, Busoga na kwingineko. Kisheria himaya si koloni: wenyeji hubaki na watawala wao, na dola ya kigeni hujitwika ulinzi na mambo ya nje. Kwa mkulima wa Bugabula, Busoga, au wa miteremko ya Mlima Elgon tofauti hiyo ilikuwa ya karatasini. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia himaya waliasi na kujifungia katika ngome ya Luba, Bunya, kusini mwa Busoga. Vita vya kuwatoa vilipiganwa mashambani mwa watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kulindwa.

Maneno yaliyoshika mizizi kuliko yote ni matatu: saza, gombolola na muluka. Saza ni kaunti, gombolola ni sehemu ya saza, muluka ni sehemu ya gombolola. Yote ni ya Buganda. Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900, uliosimamiwa na Sir Harry Johnston, uliigawa nchi hiyo katika masaza 20, kila moja na chifu wake. Waingereza waliupenda mpangilio ule, wakaona hakuna haja ya kubuni mwingine. Waliubeba ulivyo na kuuvusha Nile.

Aliyefanya kazi hiyo ya kuvusha alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeshindwa kupata cheo alichokitaka kwao. Mwaka 1899 alikwenda mashariki na wafuasi wake wenye bunduki, akajenga ngome moja baada ya nyingine hadi Budaka, akawagawia makamanda wake nchi kwa majina yaleyale ya Buganda. Kwa imani yake, Johnston alikuwa amemwahidi ufalme, na alitaka kuitwa Kabaka wa Bukedi, kama eneo hilo lilivyoitwa. Serikali ilikuwa na mawazo mengine. Ilimnyang'anya Budaka, ikampa maili 20 za mraba chini ya Mlima Elgon, na mwaka 1902 akahamia huko na watu wake. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi walimfuata, soko likakua, na mji ukaota. Mji huo ni Mbale. Ni miji michache Afrika Mashariki inayoweza kuonyesha mtu mmoja na kusema huyu ndiye chanzo, na michache zaidi ambayo mtu huyo hakuwa mzungu wala mwenyeji wa hapo.

Wasaidizi wa Kakungulu na waliowafuata ndio walioitwa mawakala. Wakala alikuwa Mganda aliyewekwa kando ya chifu wa kienyeji ili amfundishe kutawala: kuhesabu nyumba, kukusanya kodi, kuendesha kesi, kulima barabara. Kimaandishi alikuwa mshauri, lakini watu walimjua kama mtawala. Kiganda kikawa lugha ya ofisi, kanisa na darasa katika sehemu kubwa ya mashariki, na mtoto wa Kigisu aliyetaka kusoma Biblia aliisoma kwa lugha ya jirani. Mawakala waliondolewa polepole, na hadi miaka ya 1930 walikuwa wamebaki wachache, lakini majina ya vyeo waliyoyaleta hayakuondoka nao.

Neno moja liligoma kupata maana kwa Wagisu: chifu. Bugisu haikuwa na mfalme. Mamlaka yalikuwa ya koo na wazee wao, na hadi leo nguvu ya koo huonekana wazi kila mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ya imbalu unapofunguliwa Mutoto, karibu na Mbale. Kumchukua mzee wa ukoo mmoja na kumpa gombolola yenye koo kumi kulikuwa ni kuzusha ugomvi kwa mhuri wa serikali. Cheo cha Umukuuka, kiongozi wa kitamaduni wa Wagisu wote chini ya taasisi ya Inzu ya Masaba, ni cha karne ya 21.

Busoga ilikuwa na hadithi nyingine. Huko watawala walikuwako, tena wengi: Zibondo wa Bulamogi, Gabula wa Bugabula, Ngobi wa Kigulu, Tabingwa wa Luuka, Wakooli wa Bukooli na wengine. Kilichokosekana ni mmoja wa kuwaunganisha. Waingereza, walioyahamisha makao ya wilaya kutoka Iganga hadi Jinja mwanzoni mwa karne ya 20, walitaka mtu mmoja wa kumwandikia barua. Mwaka 1906 wakamleta Kakungulu yuleyule kuwa rais wa Lukiiko ya Busoga, yaani baraza la machifu. Mganda aliyenyimwa ufalme Bukedi akawa mwenyekiti wa wakuu wa Busoga hadi mwaka 1913, aliporudi Mbale. Huko baadaye aligombana na serikali kuhusu dawa na chanjo, akaacha Ukristo, akaanzisha jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya, na kufariki mwaka 1928.

Wasoga walipata kiongozi wao wa pamoja mwaka 1939, Ezekiel Tenywa Wako, Zibondo wa Bulamogi, alipofanywa Kyabazinga wa kwanza. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba Kyabazinga hakupatikana kwa kurithi kiti cha baba peke yake. Alichaguliwa kutoka miongoni mwa nyumba za watawala. Baada ya Wako kiti kilikwenda kwa William Wilberforce Nadiope wa Bugabula na kwa Henry Wako Muloki wa Bulamogi kwa nyakati tofauti, na ushindani wa nyumba hizo mbili uliigawa Busoga kama vyama vinavyogawa wapiga kura. Mwanaanthropolojia Lloyd Fallers, aliyeishi Busoga mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya chifu wa Kisoga aliyebanwa kati ya ndugu zake na kanuni za ofisi. Mjomba akija na kesi, chifu amsikilize kama mpwa au kama hakimu?

Kisha kodi. Mkataba wa mwaka 1900 uliweka rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki. Utaratibu huo ulivuka Nile pamoja na masaza. Fedha hazikuwako vijijini. Zilibidi zitafutwe, na pamba, iliyoletwa Uganda mwaka 1903, ikawa jibu. Busoga ikawa nchi ya pamba, na mwaka 1912 reli fupi kutoka Jinja hadi Namasagali ikaanza kuisafirisha. Kwenye miteremko ya Elgon, kahawa ilikuja kufanya kazi hiyohiyo, na wakulima wake walikuja kuunda Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu mwaka 1954.

Kando ya kodi yalikaa maneno mawili ambayo wazee waliyataja kwa uchungu. Kasanvu ilikuwa kazi ya lazima kwa serikali yenye ujira mdogo. Ilifutwa mwaka 1922. Luwalo ilikuwa kazi ya lazima isiyo na ujira wowote, hasa barabara, siku 30 kwa mwaka, na mwenye uwezo alijikomboa kwa fedha. Chifu aliyesimamia luwalo ndiye aliyeandika daftari la kodi, na ndiye aliyekaa kitini kesi ya mwenye deni ilipoletwa. Mkusanyaji, msimamizi na hakimu walikuwa mtu mmoja, chini ya paa moja la gombolola.

Wakoloni wa Boston walimwaga chai ya Waingereza baharini mwaka 1773 wakidai kwamba hawawezi kutozwa kodi na bunge wasilokuwa na mtu ndani yake. Hoja hiyo ilifaa Mbale kuliko Boston. Baraza la Kutunga Sheria la Uganda lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika watatu wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao waliteuliwa: Michael Kawalya Kagwa kutoka Buganda, Petero Nyangabyaki kutoka Bunyoro, na Yekonia Zirabamuzale, katibu mkuu wa Busoga, aliyesemea mashariki yote. Mtu mmoja alibeba Jinja, Mbale, Tororo na Soroti.

Mabaraza ya wilaya yalipewa nguvu kidogo kidogo kwa sheria za mwaka 1949 na 1955, lakini chifu alibaki mtumishi wa serikali, na kodi ya kadiri ya mapato ilibaki mikononi mwake. Yeye na kamati yake walimtazama mtu, ng'ombe wake na shamba lake, wakaamua anaweza kulipa kiasi gani. Nafasi ya chuki na rushwa ilikuwa pana kama barabara. Januari 1960 Bukedi na Bugisu zililipuka: nyumba za machifu zilichomwa, watu waliuawa, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Malalamiko makubwa yalikuwa juu ya makadirio ya kodi na machifu wenyewe. Uhuru ulikuwa umebaki chini ya miaka mitatu.

Neno shirikisho lilikuja na katiba ya mwaka 1962. Nayo haikuwa nadhifu. Buganda ilipata madaraka makubwa ya shirikisho. Ankole, Bunyoro na Toro zikapata pungufu. Busoga, isiyokuwa ufalme kwa jina, ikatajwa pamoja nazo kwa jina la eneo. Sehemu nyingine zikawa wilaya za kawaida. Mbale pekee ikawekwa kando na kuitwa Eneo la Mbale, kwa sababu Bugisu na Bukedi zote mbili ziliudai mji huo na hakuna aliyethubutu kukata shauri kabla bendera haijapanda. Mji alioujenga jemadari mgeni ukaingia katika uhuru bila wilaya.

Nadiope, Kyabazinga wa Busoga, alikuwa makamu wa rais wa Uganda tangu mwaka 1963, wakati Kabaka Mutesa II akiwa rais. Mpangilio huo ulivunjika mwaka 1966. Katiba ya Septemba 1967 ikaifanya Uganda jamhuri ya serikali moja, ikafuta falme zote na cheo cha Kyabazinga. Busoga ilirudishiwa cheo hicho katika miaka ya 1990, Muloki akakalia kiti tena hadi alipofariki mwaka 2008, na tangu 2014 Kyabazinga ni William Gabula Nadiope IV. Makao ya utawala wake yako Bugembe, pembeni mwa Jinja. Hakusanyi kodi.

Masaza na magombolola, kinyume chake, hayakuhitaji kurudishwa kwa kuwa hayakuondoka. Mabaraza ya Upinzani ya mwaka 1986, ambayo sasa ni mabaraza ya mitaa (LC), yalipangwa kwa ngazi zilezile, kuanzia LC1 ya kijiji, LC2 ya muluka, LC3 ya gombolola hadi LC5 ya wilaya. Tofauti ni kwamba wenyeviti huchaguliwa. Kodi ya kadiri iliendelea hadi ilipositishwa mwaka 2005. Wanaume wa makamo wa Mbale wanakumbuka bado alfajiri za kukimbilia migombani askari wa gombolola walipokuja kuuliza tikiti za kodi.

Tarehe 26 Februari 2022, Rais Museveni alizindua Mpango wa Maendeleo wa Muluka huko Kibuku, wilaya iliyo kilomita chache tu kutoka ngome ya zamani ya Kakungulu ya Budaka. Kila muluka nchini ulipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka za kuwakopesha wananchi. Jinja na Mbale zenyewe zilikuwa zimepandishwa hadhi kuwa majiji tangu tarehe 1 Julai 2020, na ndani ya mipaka ya jiji palipokuwa na gombolola sasa pana divisheni na meya wake.