Somo la Historia: Kioo chenye Tundu

Leo katika somo letu la historia hatutazungumza juu ya wafalme wala vita. Tutazungumza juu ya sikio, pamoja na jirani zake wawili, yaani pua na koo. Huenda wewe uliyeketi darasani hapo Rubya unauliza: sikio nalo lina historia? Linayo, tena ndefu. Sikiliza vizuri, halafu usome maneno haya polepole katika karatasi uliyopewa.

Kwanza ufikiri jambo hili. Kidonda cha mguu kila mtu akiona. Hata mtoto aweza kusema kimevimba au kimepona. Lakini sikio, pua na koo ni matundu, na ndani ya matundu mna giza. Ugonjwa hukaa humo kama mwizi aliyejificha ghalani. Zamani mganga aliyetaka kutazama ndani ya sikio alimweka mgonjwa karibu na dirisha, akangoja jua liingie. Mawingu yakitanda, kazi imekwisha kwa siku ile. Tena kichwa cha mganga mwenyewe kilizuia mwanga.

Mtu aliyepata njia ya kutoka katika shida hiyo hakuwa profesa wa mji mkubwa. Alikuwa daktari wa mji mdogo huko Ujerumani, jina lake Friedrich Hofmann. Mwaka 1841 alieleza matumizi ya kioo cha mviringo chenye tundu katikati. Kioo kilipokea mwanga na kuutupa ndani ya sikio, na jicho la daktari likachungulia kwa lile tundu. Basi jicho na mwanga vikapita njia moja. Ni jambo dogo sana, hata utashangaa kwa nini watu hawakulifikiri mapema. Wakubwa hawakulijali mpaka mwaka 1855, daktari mwingine Mjerumani, von Tröltsch, alipoanza kulitangaza.

Wakati huohuo koo nalo lilifunguliwa, na huyu aliyelifungua hakuwa daktari kabisa. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania, jina lake Manuel García. Alitaka kujua sauti hutoka wapi. Mwaka 1854, mjini Paris, alichukua kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha namna ile itumiwayo na waganga wa meno. Akakipasha moto kwa maji, akakiingiza mpaka nyuma ya koo lake, na kwa kioo cha pili akatupa mwanga wa jua ndani. Akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufungika! Kwa nini alikipasha moto? Kwa sababu pumzi hufanya ukungu juu ya kioo baridi. Hata leo mwanafunzi wa uganga anayetumia kioo cha koo hukipasha kwanza, kisha hukigusisha nyuma ya mkono wake kuona kama hakichomi. García aliishi miaka 101. Akafa mwaka 1906.

Sasa utauliza: kuona tu kulileta faida gani? Kulileta faida kubwa. Nyuma ya sikio lako pana mfupa. Uguse. Mfupa huo una vishimo ndani, na usaha wa sikio waweza kupenya humo, na kutoka humo ukafika kwenye ubongo. Watoto wengi walikufa hivyo, na wazazi hawakujua kwamba kifo kilianzia sikioni. Mwaka 1873 madaktari wawili wa Kijerumani, Schwartze na Eysell, walieleza namna ya kuufungua mfupa huo kwa patasi ili usaha utoke. Baadaye, katika miaka ya 1940, ikaja penisilini, na kazi ya patasi ikapungua. Lakini haikwisha.

Basi turudi kwetu. Katika miaka ya 1920, Serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilianza kuwafundisha watu wa vijijini kazi ya kufunga vidonda na kugawa dawa. Watu waliwaita madresa. Walifundishwa muda mfupi, wakapewa kibanda, chupa chache na bendeji, na gharama zikatoka katika serikali za wenyeji. Kutoka Bukoba, vijana wachache wenye masomo zaidi walivuka kwenda Uganda, ambako mafundisho ya udaktari yalianza Mulago mwaka 1924 chini ya Makerere. Mmoja wao alikuwa Vedast Kyaruzi, Mhaya, ambaye baada ya kuwa daktari alichaguliwa rais wa chama cha TAA mwaka 1950. Lakini hao walihesabika kwa vidole. Tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari Waafrika wa Tanganyika walikuwa 12 tu. Je, watu kumi na wawili wangetazama masikio mangapi?

Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1968 kikawa kitivo katika Chuo Kikuu. Mwaka huo huo wa 1963 shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilifunguliwa huko Tabora. Mimi huziweka habari hizi mbili pamoja makusudi, kwa sababu sehemu ya watoto wanaopoteza kusikia huanza na sikio bovu ambalo hakuna aliyelitazama kwa wakati. Mwaka 1971 zikafunguliwa hospitali kubwa mbili, KCMC huko Moshi na Bugando huko Mwanza. Hata hivyo, mtu wa kwanza kumwona mgonjwa kijijini aliendelea kuwa mganga msaidizi, ambaye leo twamwita tabibu.

Tazama wilaya ya Muleba ilivyo. Ina vilima na migomba, na ina visiwa vingi katika Ziwa Viktoria, kama Bumbire na Goziba. Mama wa kisiwani hupanda mtumbwi ili afike penye zahanati. Kutoka zahanati hutumwa hospitali ya Rubya. Kutoka Rubya, ikiwa shida ni kubwa, hutumwa Bugando, ng'ambo ya ziwa. Wako wasemao kwamba masikio, pua na koo ni kazi ya mabingwa, wala kijana aliyetoka chuoni jana asiyaguse. Mimi sikubaliani nao. Usaha haungoji meli. Punje ya mahindi iliyoingia puani mwa mtoto leo itamsumbua leo.

Lakini kijana huyo afundishwe nini? Kwanza afundishwe kutazama. Kwa mtu mzima avute sikio juu na nyuma; kwa mtoto mchanga alivute chini na nyuma, ndipo njia inyoke na kiwambo kionekane. Pili, na hili ni gumu zaidi kwa kijana mwenye mikono mepesi, afundishwe kutogusa. Haragwe likiingia sikioni asilimwagie maji, maana litavimba. Kitu cha mviringo asikikamate kwa kibano, maana kitateleza na kuzama ndani. Mdudu aliye hai auawe kwanza kwa mafuta, lakini si katika sikio lenye tundu katika kiwambo. Sikio litokalo usaha likaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara 3 kwa siku au zaidi, kisha ndipo dawa ya matone itumike. Tena aulize mgonjwa amekula dawa gani. Kwinini huvumisha masikio, na streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, yaweza kuua kusikia kabisa.

Mafunzo hayo hayahitaji jumba kubwa. Yahitaji taa, kioo au mashine ndogo ya kutazamia, mwalimu mwenye subira, na masikio mengi ya kutazama, mazima kwa mabovu. Asiyeona masikio mia mazima hatalitambua lililo bovu. Shirika la Afya Duniani nalo lilikubali fikira hii. Mwaka 2006 lilitoa vitabu vya kuwafundisha wahudumu wa afya ya msingi kutunza masikio. Mwaka 2021 shirika hilo lilihesabu watu milioni 430 duniani waliohitaji msaada kwa sababu ya kutosikia vizuri.

Nawe mzazi una sehemu yako. Unyoya wa kuku na njiti ya kiberiti viache nje ya sikio la mtoto. Akiitwa mara tatu asiitike, usimchape kwanza. Mpeleke atazamwe.

Sasa kazi ya juma hili. Andika katika daftari maneno haya mapya: kiwambo, usaha, kibano. Kwa kila neno tunga sentensi moja. Chora kioo cha Hofmann, uonyeshe kwa mshale njia ya mwanga na njia ya jicho. Kisha mweleze jirani asiyejua kusoma kwa nini García alipasha kioo chake moto. Juma lijalo, saa ile ile, tutazungumza juu ya kahawa ya Bukoba.