Kazi ya "hotshot" Marekani: pick-up, trela na hesabu isiyoonekana kwenye picha

Familia nyingi za Uvira, Fizi, Bukavu na Goma ziko na ndugu aliyepelekwa Marekani kwa njia ya ukimbizi. Katika mwaka wa bajeti wa Marekani wa 2016, na tena wa 2023, Kongo ndiyo iliongoza inchi zote kwa hesabu ya wakimbizi waliopokelewa kule. Wengine wako viwandani, wengine wameingia kazi ya barabara. Siku moja picha inafika kwenye WhatsApp: pick-up kubwa ya mipira sita, na nyuma yake trela ndefu iliyobeba magari mawili. Huku nyumbani watu wanasema: "Huyu sasa amekuwa patron." Lakini je, kazi hiyo inaleta nini kweli?

Ni kazi gani?

Wamarekani wanaiita hotshot. Ni kubeba mzigo wa haraka ambao hautoshi kujaza lori kubwa: mashine ya shamba, vyuma vya ujenzi, magari, ao kipande cha mashine kinachongojwa mahali kazi imesimama. Inasimuliwa kwamba ilianza Texas, kwenye visima vya mafuta. Mtambo ukiharibika, kila saa ya kungoja ilikuwa hasara, basi mtu mwenye pick-up alitumwa mbio kupeleka kipande.

Leo gari zinazotumika sana ni Ford F-350, Ram 3500 na Chevrolet Silverado 3500. Nyingi ziko na mipira minne nyuma, juu trela ya "shingo ya bata" inafungwa katikati ya sanduku la pick-up na sehemu ya uzito inalala hapo. Trela yenyewe mara nyingi iko na urefu wa futi 40, karibu metre 12.

Kwa nini pick-up, siyo lori?

Sababu ya kwanza ni bei: pick-up na trela vinagharimu kidogo kuliko lori kubwa jipya na trela yake. Ya pili ni permi. Permi ya lori, inayoitwa CDL, inaomba mitihani, na tangu Februari 2022 mwenye kuanza analazimishwa kupita kwanza mafunzo yanayotambuliwa na serikali. Mgeni anaona pick-up kama mlango wa mkato.

Mlango huo upo, lakini ni mwembamba. CDL inalazimishwa kama uzito wa gari na trela ukijumlishwa unapita pound 26,000 (kama kilo 11,800), na trela peke yake inapita pound 10,000 (kilo 4,536). Na siyo mzigo wa siku hiyo tu unaohesabiwa. Polisi anasoma kibati cha kiwanda, kile kinachoonyesha uzito wa juu ambao gari na trela vinaruhusiwa kufikia. Pick-up ya 14,000 ikivuta trela ya 14,000, jumla ni 28,000, hata kama trela ni tupu. Dereva asiye na CDL anasimamishwa hapo hapo.

Ndiyo maana wasio na CDL wanatafuta trela ya 12,000. Ila kama trela yenyewe inapima karibu 6,000, inabaki kama pound 6,000 za mzigo, kilo 2,700 hivi. Mizigo mingi yenye bei nzuri inapita hapo.

Karatasi na bima

Kukosa CDL siyo kukosa sheria. Gari na trela ya biashara vikifika pound 10,001 na kuvuka jimbo, vinaomba namba ya DOT, cheti cha daktari na kufuata masaa ya kazi: kuendesha masaa 11 kwa mwisho, baada ya kupumzika masaa 10. Anayebebea watu kwa malipo anaomba pia ruhusa ya biashara, dolari 300, na bima ya kulipa madhara ya wengine isiyopungua dolari 750,000.

Bima ndiyo inavunja wengi. Kampuni za bima zinaogopa mwenye kuanza, na zinamlipisha bei kali kuliko mzee wa kazi. Kwa hiyo wengine wanafanya chini ya ruhusa ya kampuni nyingine, ambayo inakata asilimia yake kwa kila mzigo.

Kuna pia lugha. Sheria inaomba dereva ajue Kingereza cha kuongea na polisi na kusoma vibao vya barabara. Tangu Juni 2025, anayeshindwa anaweza kukatazwa kuendelea na safari.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano. Kamisioneri anatoa mzigo wa dolari 1,500 kwa maili 800. Kisha dereva anatembea bule maili 300 kufikia mzigo mwingine. Kwa maili 1,100, gari likimaliza galoni moja kila maili 10, na mazuti ni dolari 4 kwa galoni, zimeenda 440. Mlipaji anangojesha siku 30. Anayetaka pesa mapema anauza fakture na kukatwa, tuseme asilimia 3: ni 45. Chakula na maegesho ya siku tatu: 100. Zinabaki 915.

Lakini deni la pick-up, trela na bima linaweza kufika 2,900 kwa mwezi. Akifanya safari sita, kila moja inabeba 483. Akiweka 150 kwa ajili ya mipira, oili na garaji, mkononi zinabaki 282. Siku tatu za kazi, na kodi bado haijalipwa. Mwezi ambao mizigo ni tatu tu, deni halipungui.

Mbele ya kutuma ao kuomba pesa

Kazi hii inalisha watu, hasa wenye CDL, wateja wa kudumu na gari lisilo na deni kubwa. Kama ndugu anaomba familia imsaidie kuanza, ni vizuri kumuuliza: kibati cha trela kinasema ngapi? Bima ni ngapi kwa mwezi, na ameona bei hiyo kwenye karatasi ao ameambiwa tu? Mzigo wa kurudi atautoa wapi? Ana akiba ya miezi mitatu kama gari likiingia garaji?

Na kwa wale wanaoomba kutoka huku: 1,500 zilizoandikwa kwenye karatasi ya mzigo siyo zake zote. Kabla ya kusema ndugu amekuwa mchoyo, aulizwe kwanza ni ngapi zilibaki mkononi.