Mto Rau

Mto Rau ni mto wa mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania, unaoshuka kutoka miteremko ya kusini ya mlima Kilimanjaro na kupita kando ya mji wa Moshi hadi tambarare za bonde la Pangani. Huko juu Wachagga huchepusha maji kwa mifereji ya asili kumwagilia migomba na kahawa vihambani, yaani katika mashamba ya nyumbani. Maji hutolewa kwa zamu, na mdomo wa mfereji huzibwa kwa mawe, udongo na magogo ya migomba. Huko chini mto hulisha skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani. Humo mpunga ulistawi kiasi kwamba wakulima wa juu ya skimu nao waliugeukia, na maji yakapungua kwa waliokusudiwa. Karibu na mto huu, Msitu wa Rau, unaotegemea maji ya ardhini, una msoo, mti adimu.