Spika za sinema ya nyumbani kwa bajeti ndogo: anza na sauti ya mtu

Swali hili hutufikia mara kwa mara kwenye simu za kipindi na kwa ujumbe mfupi: TV nimeshanunua, sasa nataka sauti kama ya ukumbi wa sinema, lakini fedha ni ya kuunga. Ninunue spika zipi? Mara nyingi anayeuliza amedunduliza kwa miezi kadhaa, na akikosea hana fedha ya kununua tena. Katika makala haya tunaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kulipa.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: spika mbili nzuri ni bora kuliko tano duni, na kipimo cha kwanza cha spika ni sauti ya mtu anayezungumza. Dukani mteja huvutwa na mtetemo wa besi. Akifika nyumbani, kinachomkera ni kutosikia mhusika amesema nini. Anaongeza sauti ili asikie maneno, kisha unakuja mlipuko unaoamsha watoto na majirani.

Maana ya 2.0, 2.1 na 5.1

Namba ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida. Namba iliyo baada ya nukta ni sabufa. Mtaani neno sabufa limekuwa jina la seti nzima, lakini hasa sabufa ni lile boksi kubwa linalotoa besi peke yake.

Kwa hiyo 2.0 ni spika mbili, ya kushoto na ya kulia. 2.1 ni hizo mbili pamoja na sabufa. 5.1 ni spika tatu za mbele, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na sabufa. Mfumo wa Dolby Digital wenye chaneli hizo uliingia kwenye kumbi za sinema mwaka 1992 kwa filamu ya Batman Returns, kisha ukaenea majumbani kupitia DVD.

Katika filamu iliyorekodiwa kwa 5.1, spika ya kati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Hapo ndipo seti za bei ya chini zinapoangukia. Fedha ileile imegawanywa kwa spika tano, sabufa, amplifaya, rimoti na taa za rangi. Spika ya kati, ambayo ndiyo ya muhimu kuliko zote, inabaki kuwa kikopo chepesi cha plastiki.

Jiulize pia unatazama nini. Taarifa ya habari, tamthilia, muziki na filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa kawaida hutufikia kwa chaneli mbili au moja tu. Filamu iliyotafsiriwa ina sauti ya mtafsiri iliyowekwa juu ya sauti ya asili, kwa hiyo spika za nyuma hazina jipya la kukuletea. Ukiwa mtazamaji wa filamu za asili zenye 5.1, seti kamili ina maana, lakini inaweza kujengwa kidogo kidogo.

Wati za kwenye boksi

Utakuta boksi limeandikwa wati 5,000 kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi ndogo PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubalika, kila kiwanda hupiga hesabu zake. Namba ya kutafuta ni RMS, ambayo huonyesha nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Tatizo la kutia chumvi kwenye wati ni la zamani: nchini Marekani, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliweka kanuni mwaka 1974 kuhusu namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani.

Kama RMS haikuandikwa, geuza kifaa na usome kibandiko cha umeme kilicho nyuma. Kikisema 60 W, hicho ndicho kiasi kinachovutwa ukutani. Kifaa kinaweza kuzidisha kwa mshindo wa muda mfupi, lakini usitarajie wati 5,000, wala 500, kwa nyimbo nzima. Amplifaya haiwezi kutoa nguvu isiyoipata kwenye soketi.

Tena, wati nyingi hazileti tofauti kubwa kama watu wanavyodhani. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini ndogo. Ili sikio lihisi kuwa sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika wati takribani mara kumi. Ndiyo maana inafaa kuangalia pia desibeli za spika yenyewe, zinazopimwa kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Spika yenye desibeli 89 huhitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ile yenye 86 ili kutoa sauti sawa. Kwenye sebule ya kawaida, wati 20 hadi 30 za kweli kwa kila spika zinatosha familia.

Pima kwa maneno

Sikio changa husikia kuanzia takribani hezi 20 hadi 20,000. Mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume uko karibu na hezi 100 na zaidi kidogo, na wa mwanamke karibu na 200. Lakini kinachotufanya tutofautishe maneno ni konsonanti kama s, f, sh na t, ambazo nguvu yake iko juu, kuanzia hezi 2,000 na kuendelea. Spika ikikosa sehemu hiyo, "fika" na "shika" zinafanana. Mzee ambaye masikio yameanza kupungua ndiye wa kwanza kuumia, kwa sababu uzee huondoa kwanza sauti za juu.

Sisi watu wa redio tunaishi kwa sauti ya mtu, na jaribio tunalopendekeza ni rahisi. Nenda dukani na flashi yako yenye vitu vinne: taarifa ya habari, sauti ya mtangazaji wa mpira, kipande cha filamu na wimbo unaoujua vizuri. Mwombe muuzaji arudishe besi na vionjo vyote katikati. Kisha fanya hivi:

1. Sikiliza habari kwa sauti ya chini. Maneno yakisikika bila kukaza sikio, umeanza vizuri.
2. Ongeza sauti. Herufi s ikianza kuchoma sikio au sauti ikikwaruza, spika imefika mwisho wake.
3. Zima au punguza sabufa kabisa. Sauti ya mwanamume ikibaki nzima, spika ndogo zinafanya kazi yake. Ikigeuka kama ya simu ya zamani, ujue sabufa ndiyo ilikuwa ikibeba sauti ya mtu, kazi isiyo yake.
4. Rudisha sabufa na ucheze wimbo. Gitaa la besi linapaswa kutoa noti tofauti. Ukisikia mvumo mmoja tu, "buu, buu", kwa kila noti, boksi hilo ni la kelele.

Aina nne za kuchagua

Sabufa ya 2.1 ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko zote. Chagua yenye spika ndogo za mbao zenye sehemu mbili, wufa na twita, badala ya vikopo vya plastiki vyenye spika moja.

Saundibaa ni boksi refu linalokaa chini ya TV. Inafaa chumba kidogo na nyumba ya kupanga, kwani haina waya nyingi. Upana wa sauti yake ni mdogo kwa sababu spika za kushoto na kulia ziko karibu.

Spika mbili zenye amplifaya ndani ni chaguo zuri kwa anayetaka maneno safi na muziki. Angalia kama zina tundu la kuongezea sabufa baadaye.

Spika mbili za mtumba na amplifaya ya pembeni mara nyingi ndizo hutoa sauti bora kwa fedha ileile, lakini zinahitaji macho ya fundi.

Tuseme umetenga shilingi 300,000. Tungepeleka sehemu kubwa, kama theluthi mbili, kwenye spika mbili za mbele na kinachoziendesha. Kiasi kidogo kiende kwenye waya na kinga ya umeme. Kinachobaki kiwe mwanzo wa akiba ya sabufa. Spika mbili bila sabufa bado ni sinema. Sabufa bila spika nzuri za mbele ni ngurumo tu.

Ukienda kwenye mtumba

Kwanza soma volti. Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni 120. Ukichomeka moja kwa moja, unaweza kukiunguza siku hiyohiyo. Kama hakina swichi ya kubadili volti, utahitaji transfoma inayolingana na wati zake, na gharama hiyo uihesabu kabla ya kukubaliana bei.

Pili, angalia ukingo unaozunguka koni. Ukingo wa sponji huoza na kumeguka kwa miaka, wa mpira hudumu zaidi. Fundi anaweza kubadilisha sponji, kwa hiyo kasoro hiyo iwe sababu ya kupunguziwa bei. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili ya ndani imeharibika.

Tatu, linganisha omu. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 ikifungwa spika za omu 4 hupata moto na inaweza kuungua. Spika za seti nyingi za 5.1 huwa na omu chache na plagi za kipekee, hivyo usinunue spika hizo peke yake ukidhani zitaingia kokote.

TV yako inatoa sauti wapi?

Kabla ya kutoka nyumbani, piga picha matundu ya nyuma ya TV. Baadhi ya TV mpya hazina tundu la hedifoni wala matundu mekundu na meupe ya sauti. Zina HDMI ARC na tundu la mwanga tu. Sabufa yenye matundu mekundu na meupe haitaungana nazo bila kigeuzi cha sauti ya kidijitali. Bluetooth inawezekana, lakini wakati mwingine sauti huchelewa, ukaona midomo ikitangulia maneno.

Ukitumia spika mbili, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya king'amuzi, deki au TV na uchague stereo au PCM. Ukiacha 5.1 bila kuwa na spika ya kati, unaweza kupata muziki na milio huku mazungumzo yakififia.

Chumba, waya na mahali pa kuweka

Spika ya mbali na spika iliyokwama pembeni ya kabati haiwezi kutenda haki. Weka za mbele kiasi kwamba umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwenye kochi. Twita iwe usawa wa masikio ya aliyekaa, karibu mita moja kutoka sakafuni. Za nyuma, kama zipo, zikae pembeni na nyuma kidogo ya wasikilizaji.

Kuta za tofali na sakafu ya vigae hurudisha sauti na kuchafua maneno. Zulia, pazia nzito na makochi ya kitambaa husaidia bila gharama ya ziada. Sabufa ikiwekwa kwenye kona huongeza besi. Kama besi inavuma kupita kiasi, ivute mbali na kona kabla ya kumlaumu fundi.

Kwenye waya, chagua shaba tupu badala ya alumini iliyopakwa shaba, na hakikisha nyekundu inakwenda nyekundu na nyeusi nyeusi kwa spika zote. Ukigeuza moja, besi hupotea na sauti ya katikati huyeyuka. Ukiwa na shaka na spika isiyo na amplifaya ndani, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya zake kwa nukta moja: koni ikisogea nje, chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika.

Masikio na majirani

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Besi nayo hupenya ukuta kuliko sauti nyingine, kwa hiyo jirani husikia "buu" hata asiposikia neno. Usiku punguza sabufa kwanza. Kama spika zako za mbele ni nzuri, filamu bado itaeleweka.

Kabla ya kulipa, uliza

- Wati za RMS ni ngapi, na kibandiko cha nyuma kinasema nini?
- Je, ni volti 230?
- Itaungana na TV yangu bila kigeuzi?
- Spika ikiharibika, inapatikana moja au ni lazima seti nzima?
- Dhamana ni ya muda gani, na imeandikwa kwenye risiti?
- Je, naweza kusikiliza flashi yangu hapahapa?

Muuzaji akikataa swali la mwisho, nenda duka linalofuata. Fedha ingali mfukoni mwako, na maduka ni mengi.