Kiashiria cha Kibayolojia: Kuisoma Fizi Kabla Jino Halijalegea

Kiashiria cha kibayolojia ni kitu cha mwilini kinachoweza kupimwa na kutoa habari za afya, ugonjwa au maendeleo ya tiba. Kiwango cha sukari katika damu ni mfano unaojulikana. Kwa upande wa fizi, viashiria hivi hutafutwa katika majimaji ya kinywa.

Wapo wanaosema "bayomaka", na wapo wanaosema "alama ya kibayolojia". Napendelea "kiashiria", kwa sababu alama huachwa na jambo lililokwisha kupita, ilhali kiashiria huelekeza kwenye linaloendelea. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha upimaji wenyewe. Daktari wa meno hupima kina cha nafasi kati ya fizi na jino kwa kijiti chembamba chenye vipimo vya milimita. Katika fizi yenye afya, kina hicho kwa kawaida hakizidi milimita 3. Eksirei nayo humwonyesha mfupa uliopungua. Njia hizi mbili husoma uharibifu uliokwisha kutokea. Hazisemi kama ugonjwa umetulia au ungali unakula.

Kiashiria kilichochunguzwa sana ni kimeng'enya kiitwacho MMP-8. Ukoga ukikaa kwenye meno, bakteria wake huchokoza fizi. Chembe nyeupe za damu huja kupambana nao na kumwaga kimeng'enya hiki, ambacho kikiamka hukata nyuzi za kolajeni zinazolishikiza jino kwenye taya. Timo Sorsa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, wamekitafiti kwa miaka mingi. Leo kipo kipimo cha papo hapo kinachofanya kazi kama kile cha ujauzito: mstari hujitokeza kimeng'enya kilicho hai kikizidi kiwango kilichowekwa.

"Majimaji ya kinywa" nayo yasifupishwe kuwa "mate". Mate hutoka kwenye tezi na kubeba habari za kinywa kizima. Majimaji ya mfereji wa fizi, yaani ile nafasi kati ya fizi na jino, huchuruzika kutoka kwenye tishu zinazolizunguka jino, hivyo hueleza hali ya jino hilo. Anayesoma majibu sharti ajue sampuli ilichukuliwa wapi.

Tena, kuashiria si kuthibitisha. MMP-8 huweza kupanda kwa sababu ya uvimbe mwingine mdomoni, kwa hiyo kipimo hiki hukisaidia kijiti cha daktari, hakichukui nafasi yake. Mgonjwa akielezwa hivyo kwa lugha yake, ataelewa kwa nini anahimizwa kutibiwa sasa, ilhali meno yake bado ni imara.