Kitabu Kimefikaje Mkononi Mwako?

Kila nikisikia mtu akisema vitabu vya karatasi vimekufa, kwamba simu imevimaliza, huwa namuuliza: hapa Tanzania lini viliuzika vyenyewe, na mnunuzi alikuwa nani? Ukifuatilia historia utaona karatasi haikuwa tatizo kubwa. Kilichotusumbua siku zote ni njia ya kukifikisha kitabu kwa msomaji.

Hata wakoloni walilijua hilo. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, haikuishia kuchapa. Ilikuwa pia na maktaba za masanduku na za posta. Shirika hilohilo ndilo lililotoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni, kisha miaka ikapita, ikaja kuwa kitabu teule cha wanafunzi. Hadithi ni ileile, Rosa ni yuleyule. Ila safari hii jina lake liko kwenye orodha, na kwetu orodha ndiyo soko.

Tanzania Publishing House ilianza 1966, na 1972 ikashiriki kutoa kitabu maarufu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya na umaskini wa Afrika. Lakini mnunuzi mkubwa wa vitabu enzi zile alikuwa serikali: shule na kampeni za elimu ya watu wazima. Fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 70 na miaka ya 80, mnunuzi huyo akayumba, na wachapishaji wakayumba naye.

Pembeni kulikuwa na soko jingine. Riwaya za kijasusi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa hazikuhitaji mwalimu wa kumlazimisha mtu asome. Zilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakang'oka. Wasomaji walikuwepo bwana, tena wengi. Ila mauzo ya aina hiyo hayakuweza kubeba tasnia nzima.

Mwaka 1991 Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza TPH tangu 1972, alianzisha Mkuki na Nyota. Mwaka huohuo ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa utaratibu rahisi: mchapishaji anachapa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, zinazobaki anauza mwenyewe. Vitabu vingi vizuri vya watoto vilipatikana hivyo. Lakini ona: bado mnunuzi mkubwa ni mmoja. Kisha mwaka 2013 serikali ikairudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya vitabu vya kiada, na kampuni binafsi zikapoteza sehemu ya soko iliyokuwa ikilipia hata riwaya na mashairi.

Sasa turudi kwenye simu, mtuhumiwa wetu. Leo mwandishi anabandika jalada Instagram, msomaji analipa kwa M-Pesa, kitabu kinapanda bodaboda au basi la mkoani. Simu imegeuka duka, na bidhaa yenyewe bado ni karatasi.

Mimi nimekulia Songea, ambako duka la vitabu kwangu lilimaanisha madaftari, Biblia na vitabu vya kiada. Mwaka jana nilimnunulia mpwa wangu wa huko riwaya kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Kitabu shilingi 15,000, kukituma kwa basi 5,000. Yaani nauli ni theluthi ya bei! Mimi ninayemfuata mwandishi mtandaoni nilikipata. Mtoto asiye na mjomba Dar es Salaam angekijuaje?

Wiki mbili baadaye mpwa akanipigia. "Mjomba, shikamoo. Cha pili kinatoka lini?" Nikamwambia asome kwanza hicho. Akacheka: alishakimaliza siku nyingi, sasa kinazunguka darasani kwa zamu.

Darasa zima limesoma. Kwenye hesabu za mwandishi, hiyo ni nakala moja.