Mkunga, Mzazi na Wodi: Historia ya Mafunzo ya Ukunga na Suala la Ubia na Wanawake Mkoani Kigoma

Methali isemayo "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo" hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa heshima ambayo jamii za Waswahili ziliwapa wakunga. Usomaji huo ni sahihi, ila haujakamilika. Methali hiyo inamwonya mzazi, wala haimwonyi mkunga. Inamchukulia mkunga kuwa mwenye uwezo ambaye mwanamke atamhitaji tena, na kwa hiyo inampasa mwanamke huyo achunge ulimi wake. Yawezekana onyo la upande wa pili halikuhitajika. Mkunga wa jadi aliishi mtaa mmoja na mzazi, alichota maji mahali pamoja naye na kuhudhuria misiba yake, na kama angemtendea vibaya usiku wa uchungu, habari hizo zingemtangulia sokoni asubuhi. Ukunga ulipohamia wodini, kizuizi hicho kilivunjika. Makala haya yanachunguza jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea Kigoma, Ujiji na pwani ya Ziwa Tanganyika, na namna yalivyoathiri suala la kumwandaa mwanafunzi wa ukunga afanye kazi pamoja na mwanamke anayezaa, badala ya kufanya kazi juu yake.

Ujiji haikuwa kijiji cha kawaida. Burton na Speke walipofika mwezi Februari 1858, tayari ulikuwa mji wa misafara, mahali ambapo wafanyabiashara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi walikutana na Waha wa nyanda za juu na watu wa ng'ambo ya ziwa. Wengi wa waliovushwa kutoka Manyema, katika Kongo ya leo, walikuwa wanawake, na wengi wao hawakuja kwa hiari. Jambo hilo lina uzito katika historia ya uzazi kuliko inavyodhaniwa. Mwanamke aliyetenganishwa na mama, shangazi na dada zake alilazimika kujitafutia watu wapya wa kumshika mkono siku ya kujifungua. Wamanyema wa Ujiji walijijenga upya kuwa jamii yenye jina, dini na desturi zake, na kwa vyovyote vile chumba cha uzazi kilikuwa miongoni mwa mahali ambapo ndugu wapya walipatikana.

Tiba ya kikoloni iliwatazama wanawake hao kwa jicho lingine. Mwanahistoria Sheryl McCurdy, katika uchunguzi wake kuhusu wanawake wa Kimanyema katika Tanganyika kati ya 1926 na 1936, ameonyesha kwamba watawala na wamisionari waliingiwa na hofu juu ya uchache wa watoto miongoni mwao. Hofu hiyo ilifungamanishwa na magonjwa ya zinaa, maisha ya mjini, Uislamu na tabia za wanawake wenyewe, hata Ujiji ukazungumzwa kama mji wa watu wanaokwisha. Ikumbukwe kuwa ugumba ni huzuni kubwa kwa mwanamke anayeubeba. Katika maandishi ya ofisi, hata hivyo, huzuni hiyo iligeuzwa kuwa shutuma. Mwanamke wa Ujiji aliingia katika kumbukumbu za tiba ya kisasa akiwa mshukiwa kabla hajawa mgonjwa, sembuse kuwa mshirika. Ni vigumu kudai kwamba dharau iliyolalamikiwa katika wodi za uzazi miongo mingi baadaye ilitokana moja kwa moja na maandishi hayo. Hata hivyo, taasisi hurithi mitazamo kama inavyorithi majengo, na mtazamo wa kwamba mwanamke ni tatizo la kurekebishwa ulikuwapo kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuvaa sare.

Mafunzo ya ukunga katika Tanganyika yalianza kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, na mkoa wa Kigoma haukuwa tofauti. Hospitali za misheni kama Kabanga ya Wakatoliki huko Kasulu na Heri ya Waadventista zilikuwa mahali pa tiba na pia mahali pa kufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 sheria ya usajili wa wauguzi na wakunga ikaanza kutumika, na kuanzia hapo ukunga ukawa na daftari, baraza na cheti. Cheti kilimlinda mama dhidi ya asiyejua kazi. Kilichora pia mpaka: aliyekuwa nacho aliitwa mkunga, na mama aliyezalisha nusu ya mtaa akawa "mkunga wa jadi", jina ambalo hakujiita mwenyewe.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, swali likawa namna ya kuwafikia wanawake wa vijijini. Operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji ilifika Kigoma mapema, mwaka 1972, na zahanati zilifuata vijiji. Tangu katikati ya muongo huo kada mpya ikaanza kuonekana, yaani wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Walikuwa wasichana waliomaliza darasa la saba na kufunzwa kwa miezi 18, kisha wakapelekwa zahanati kupima wajawazito, kuchanja watoto na kuzalisha. Kada hii haijatendewa haki katika historia ya afya nchini. Elimu yao ilikuwa fupi na vifaa vyao vilikuwa haba, na baadaye walilazimika kujiendeleza au kupisha wengine. Lakini msichana wa darasa la saba hakuwa mbali sana na mama aliyemhudumia. Alijua njaa ya mwezi wa kulima, alijua kwa nini mama alichelewa kliniki, na mara nyingi waliongea lugha moja. Kila hatua ya kupandisha viwango vya elimu iliyofuata ilimwongezea mkunga ujuzi uliohitajika kweli, na wakati huohuo ikapanua umbali kati yake na mama huyo.

Umbali wa aina nyingine ulihusu maisha yenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, ijulikanayo kwa wenyeji kama Maweni, ilikuwa na vifo vya uzazi kwa kiwango cha kutisha. Daktari Godfrey Mbaruku, aliyefanya kazi hapo, alirudi nyuma na kuchunguza vifo vya akina mama vya miaka ya 1984 hadi 1986, kisha hospitali ikaanzisha mpango wenye hatua 22. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na Mbaruku pamoja na Staffan Bergström: kati ya 1984 na 1991 uwiano wa vifo ulishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Takwimu hizo zinastahili kusomwa polepole. Hazikupatikana kwa mashine mpya kutoka ng'ambo. Waandishi wenyewe walisisitiza matumizi ya rasilimali za hapohapo kwa gharama ndogo, wajibu wa kitaaluma, kanuni za kumhudumia mgonjwa, uwajibikaji wa mtumishi na tathmini ya mara kwa mara. Wakati wakubwa wa dunia walipokutana Nairobi mwezi Februari 1987 kuzindua juhudi za uzazi salama, hospitali moja mwishoni mwa reli ya kati ilikuwa tayari inahesabu vifo vyake na kujiuliza kila kimoja kilitokeaje.

Ni fundisho gani mwanafunzi wa ukunga angelipata katika wodi ya namna hiyo? Bila shaka angejifunza kwamba kifo cha mzazi si kudra ya kunyamaziwa, na kwamba kuna maswali ambayo mtumishi lazima ayajibu. Fundisho hilo ni msingi, kwa kuwa mama aliyekufa hana ubia na mtu. Lakini uwajibikaji uliosisitizwa ulikuwa wa mtumishi kwa taaluma yake na kwa wenzake. Uwajibikaji wa mkunga kwa mama aliye hai, yule atakayerudi nyumbani akakumbuka alivyosemeshwa, haukuwa kiini cha mpango, na kwa hali ya 1986 mtu hawezi kuulaumu. Damu inapotoka, hakuna anayeanza kwa kuuliza hisia.

Suala hilo liliibuka baadaye Kasulu. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 na Margaret Kruk, Mbaruku na wenzao ziliwauliza wanawake wa vijijini waliokuwa wamejifungua ndani ya miaka mitano wangechagua kituo cha namna gani. Wakati huo fikra iliyoenea ilikuwa kwamba wanawake hawaendi hospitali kwa sababu ya umbali, gharama au kushikilia mila. Majibu yalielekea kwingine. Sifa zilizobeba uzito mkubwa kuliko zote zilikuwa mbili, mtoa huduma mwenye staha na kuwapo kwa dawa na vifaa. Kwa makadirio ya watafiti, mambo hayo mawili yakirekebishwa katika vituo vilivyopo, wanawake ambao wangependelea kujifungulia kituoni wangeongezeka kutoka asilimia 43 hadi 88. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, katika wilaya hiyohiyo, ulionyesha kwamba wananchi hawakuridhika sana na wakunga wa jadi. Tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja, hoja ya mila inadhoofika. Mwanamke aliyebaki nyumbani hakubaki kwa sababu aliuamini ukunga wa jadi kupita kiasi. Alipima hatari ya nyumbani dhidi ya fedheha ya kituoni, na mara nyingine fedheha ilionekana nzito zaidi.

Hapa suala la mafunzo linakuwa gumu, na lugha ni mfano mzuri wa ugumu huo. Mwanafunzi wa chuo cha uuguzi husoma na kufanya mitihani kwa Kiingereza. Wodini watumishi husemezana kwa Kiswahili. Mama anayetoka kijiji cha Buhigwe au Kibondo huenda akaugulia kwa Kiha, na tangu miaka ya 1990 wakimbizi wa Burundi waliingia katika mkoa huu na Kirundi chao, lugha iliyo jirani sana na Kiha, huku wale wa Kongo katika kambi ya Nyarugusu wakija na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. Hatua za uchungu ambazo mwanafunzi amezikariri kwa lugha moja hana budi kuzieleza kwa nyingine na kusikia zikilalamikiwa kwa ya tatu. Asipofundishwa kufanya hivyo, hukimbilia maneno machache anayoyamudu, nayo kwa kawaida ni ya amri: panda, lala, sukuma, nyamaza. Ukali wa namna hii hautokani na roho mbaya peke yake. Sehemu yake ni upungufu wa msamiati, na msamiati hufundishika.

Dhana ya ubia katika ukunga imekuzwa sana New Zealand, ambako Karen Guilliland na Sally Pairman waliiandikia nadharia mwaka 1995, miaka mitano baada ya sheria kuwaruhusu wakunga wa huko kufanya kazi bila kusimamiwa na daktari. Kule mkunga mmoja humfuata mwanamke mmoja tangu mimba hadi wiki za baada ya kujifungua. Neno lenyewe kwa Kiswahili lina harufu ya biashara: wabia hugawana faida na hasara, na kila mmoja ana haki ya kuona hesabu. Kuihamisha dhana hiyo kama ilivyo hadi katika wodi ambamo mkunga mmoja hulinda usiku wanawake kadhaa ambao hajawahi kuwaona ni kumdai kitu asichonacho. Swali la kihistoria lenye manufaa zaidi ni kama Kigoma imewahi kupata njia yake yenyewe.

Jibu moja lilitokea kati ya Julai 2016 na Desemba 2018. Katika vituo tisa vya serikali mkoani humo, wanawake walipewa uchaguzi wa kuwa na msindikizaji wakati wote wa kujifungua, na vituo vingine sita vikatumika kwa kulinganisha. Zaidi ya asilimia 80 ya waliojifungulia katika vituo vile tisa walikuwa na msindikizaji aliyekaa kando yao na kuwafariji. Kwamba akina mama walifurahia si ajabu. Jambo linalohitaji kufikiriwa ni lile lililowapata wakunga. Katika vituo vyenye wasindikizaji, ilidhihirika kwamba watumishi walielekea zaidi kumsalimu mama kwa heshima, kumwitikia alipoita, kuongea naye kirafiki na kujaribu kumpunguzia adha. Watumishi wenyewe walieleza kwamba wasindikizaji waliwapunguzia mzigo na kuwaarifu hali ya mama ilipobadilika.

Mabadiliko hayo ya adabu yaliletwa na mtu wa tatu chumbani: mwanamke mwenye macho, anayemjua mzazi, na ambaye kesho atakuwa sokoni. Kwa maneno mengine, kizuizi kilichomfunga mkunga wa jadi wa Ujiji kilirudishwa, safari hii ndani ya jengo lenye dawa, damu na chumba cha upasuaji. Kwa mwanafunzi wa ukunga aliyepangiwa mazoezi katika kituo cha namna hiyo, msindikizaji ni mwalimu ambaye hakuandikwa katika mtaala. Humlazimisha aeleze anachofanya kwa lugha inayoeleweka, kwa sababu kuna anayeuliza. Kwa mwanafunzi aliyepangiwa wodi isiyo na mapazia, ambamo vitanda vimesogeana na ndugu husubiri nje ya lango, somo hilohilo hufundishwa darasani kwa saa chache, hujibiwa katika mtihani, na hukutana siku ya kwanza ya mazoezi na mkunga mzoefu aliyechoka ambaye anaonyesha kwa vitendo namna kazi inavyofanyika.